Mtani Tuliyemkosea kwa Heshima

Kanisani kwetu watu waligombea unyenyekevu. Sisemi kwa kejeli, au tuseme ni kejeli kidogo tu, maana ulimi wangu haukuumbwa na breki. Padri alikuja Jumapili moja na pikipiki yake, akatuhubiria juu ya watu wanaopenda kukaa viti vya mbele karamuni, na jinsi wa kwanza watakavyokuwa wa mwisho. Alikuwa padri kijana, mgeni kwetu, mtu wa nyanda za juu kwenye baridi, na siku hiyo alihubiri vizuri mno. Jumapili iliyofuata mabenchi ya mbele yalibaki matupu. Wazee wa kanisa walibanana nyuma karibu na mlango, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Pita mbele, ndugu yangu, mimi hapa pananifaa," na mwenzake akijibu, "Hapana, mkubwa ni wewe." Mzee mmoja aliyechelewa alikuta nyuma kumejaa, akakaa nje kabisa, kwenye michirizi ya makuti. Mvua ilimnyeshea ibada nzima, na usoni ulimwona kabisa kwamba amefurahi.

Mama mkwe wangu peke yake ndiye aliyekaa benchi la kwanza, katikati, na kanga yake mpya. Mtu akamnong'oneza kwamba padri alisema vile na vile. Akamjibu kwa sauti ya kawaida, na sauti yake ya kawaida ilifika mpaka kisimani, kwamba yeye masikio yake yamezeeka na amekuja kumsikiliza Mungu, na Mungu hajamwambia asikilize akiwa mlangoni.

Hayo yalikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijijini, kwenye njia ya kwenda Kilambo, pale mto Ruvuma unapotugawa sisi na wenzetu wa Msumbiji. Kijiji kizima kilikuwa cha Waislamu, isipokuwa sisi wachache wa kigango, kanisa dogo la udongo ambalo padri alilifikia mara moja moja, na siku nyingine zote tuliongozwa na katekista. Mimi nilikuwa mke kijana. Mume wangu alikuwa mjini, Chikongola, akishona nguo kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, nami nilikaa na mama yake. Tulilima muhogo na mikorosho. Watu walinihurumia kwa kukaa na mama mkwe wa namna ile, na mimi nilikuwa nikiwacheka moyoni, kwa sababu sikuwahi kuishi na mtu aliyenifurahisha kama yeye.

Alikuwa Mmakonde wa zamani, mwenye tundu kwenye mdomo wa juu alikovalia ndonya, kile kigingi cha urembo, ujanani. Alijipenda waziwazi. Asubuhi alijipaka mafuta ya nazi mikononi na miguuni polepole, akijisemesha, "Haya, kiwiko, na wewe njoo." Kwenda shamba alivaa vizuri. Wanawake wenzake walimwona ana majivuno, na siku moja nilimwambia hivyo, maana mimi nikisikia neno silali nalo. Alicheka sana. Akasema, "Mwanangu, tumeambiwa mpende jirani yako kama nafsi yako. Sasa mtu nafsi yake anaipa ukoko na matambara, huyo jirani atapata nini?" Kisha akanirushia kopo la mafuta, akaniambia nitazame visigino vyangu. Nilikuwa na magaga ya kutisha.

Vita vya ng'ambo vilikuwa bado vinaendelea. Siku nyingine tulisikia milio mbali, upande wa pili wa mto. Tulinyamaza, mchi ukiwa juu, tukasikiliza, kisha tukaendelea kutwanga. Watu walivuka kwa mitumbwi wakiwa na vifurushi, na wengi wao walikuwa Wamakonde kama sisi, wenye shangazi huku na wajomba kule, kwa hiyo walipokelewa kwenye nyumba za ndugu zao. Kabla ya Kwaresma ya mwaka huo, alivuka mwanamke mmoja ambaye hakuwa na shangazi wala mjomba. Alikuwa na mtoto mchanga wa kike mgongoni. Mume wake walipotezana njiani, kila mmoja akikimbilia upande wake risasi zilipolia. Aliongea Kimakonde safi. Katekista alimleta kanisani, akauliza nani atampokea ndugu yetu huyu, na kabla hajamaliza kuuliza mama mkwe alikuwa ameshamvua yule mtoto mgongoni kwa mama yake.

Basi tukawa na mgeni. Nitamwita hivyo, mgeni wetu, ingawa alikaa nasi mpaka neno hilo likapoteza maana.

Kanisa lilimpenda, hilo siwezi kulikana. Akina mama walikuja kwa zamu, mmoja na kanga, mwingine na unga, mwingine na kibuyu cha mafuta. Lakini walikuja na sauti. Sijui nyie wengine, mimi sauti ile naijua na inanipandisha presha. Mtu ana sauti yake nene ya kuitia kuku, akifika mbele ya mwenye shida sauti inakuwa nyembamba, kichwa kinalala upande, na neno "maskini" linatoka refu. "Maskiiini, pole sana ndugu yetu. Mungu anakuona." Mgeni wetu alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Kila alichopewa alikikunja na kukiweka kwenye kona ya jiko. Hakuvaa hata kanga moja. Na kila walipoondoka alikuwa kama amepungua kidogo.

Mama mkwe alimpa chumba cha mume wangu. Alilala humo usiku wa kwanza tu, wa pili tulimkuta jikoni, kwenye jamvi, karibu na mafiga. Tulimwita kula. Alisema, "Kuleni kwanza, mama." Tulipomaliza ndipo alipokwangua ukoko wa ugali chunguni, akala amegeukia ukutani. Alifagia uwanja kabla jogoo hajawika. Akishika ndoo aende kisimani, mama mmoja wa kanisa alimpokonya: "Pumzika, dada, wewe umeteseka." Akishika jembe, alipokonywa. Watu wetu wana methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini sisi tulikuwa tumejaa huruma kiasi kwamba tuliona methali hiyo ni ya wakatili.

Siku moja tukichambua mbaazi aliniambia, bila kunitazama, "Mtoto akipata nguvu kidogo nitavuka."

"Utavuka kwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwetu."

"Kwenu kunalia bunduki."

"Najua. Lakini siwezi kukaa hapa nakula jasho la watu. Pasaka ikipita nitavuka."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika nasema. Nilimwambia kama anataka kufa afe peke yake, mtoto amwache hapa. Aliendelea kuchambua mbaazi, akiweka nzuri upande wetu na zilizotobolewa na wadudu upande wake.

Nilimweleza mama mkwe. Nilidhani atagomba. Badala yake, jioni nilimsikia anasali chumbani kwake. Mama mkwe alisali kama anayezungumza na jirani wa ng'ambo ya ua. Alisema, "Bwana, nimempa chumba, hakitaki. Nimempa chakula, anakula masalio. Nimemwita mwanangu, ananiita mama, lakini haniiti kwa moyo. Nionyeshe nilipokosea, maana huyu akirudi kule na mtoto wakauawa, mimi nitakuja kukuuliza wewe."

Juma Kuu likafika. Mwaka huo padri aliahidi kutuoshea miguu siku ya Alhamisi Kuu hapo hapo kigangoni, saa nane mchana, kabla hajaenda kanisa kubwa. Kwetu ilikuwa heshima ya ajabu. Walihitajika watu kumi na wawili. Zamani walikuwa wanaume tu, lakini wanaume wa kigango chetu wasingetimia hata ungewaongeza waliokuwa makaburini, kwa hiyo katekista akaandikisha na wanawake. Hapo ndipo mashindano yalipoanza upya. Kila aliyeombwa alisema hastahili. "Miguu yangu mimi? Mtafute mwingine aliye bora." Na wote hao wasiostahili niliwakuta Jumatano kisimani wamekaa kwenye mawe, wakisugua visigino mpaka karibu na damu. Mzee yule aliyenyeshewa alikuwa na jiwe lake maalumu, hakukubali kumwazima mtu.

Mama mkwe yeye hakusema hastahili. Alipoombwa alijibu, "Ndiyo, nitakuja," akaenda kuoga. Nilimuuliza mbona naye anasugua. Akasema anamsaidia padri, kijana wa watu, asije akachoka.

Beseni la kanisa lilikuwa limetoboka. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu mwenye mikorosho mingi, akaleta lake. Alikuwa amelisugua kwa majivu likang'aa hata ungejitazama ndani yake. Alisema hataki kuja kusikia kwamba mitume wameoshewa miguu kwenye chombo chenye masizi kutoka nyumbani kwake. Akamtazama mgeni wetu aliyekuwa amekaa kizingitini, akauliza, "Na huyu je, hayumo?" Katekista akasema, ndiyo, tumwingize, itapendeza sana. Mgeni wetu akatikisa kichwa. Katekista akamwambia ni sadaka ya upendo kutoka kwa kanisa zima. Hapo hakuwa na njia ya kukataa. Mtu aliyezoea kupiga goti hakatai.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mimi nilikuwa kwaya, kwa hiyo nilisimama pembeni na niliona kila kitu. Wale kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi mawili mbele, na kwa mara ya kwanza tangu yale mahubiri tulimwona kila mtu vizuri. Miguu ilikuwa imepakwa mafuta. Walikuwa wameivusha kwenye matope kwa mbinu ambazo sikuelezwa, wengine nadhani walibebwa. Padri alivua joho, akajifunga taulo kiunoni, akapiga magoti, na mguu wa kwanza ukamponyoka mkononi kwa kuteleza. Akashika wa pili, nao ukateleza. Kwaya tulianza kukosea nyimbo kwa kicheko. Maji ya beseni yalibaki meupe vilevile kama yalivyotoka kisimani. Alimwosha mama mkwe, na mama mkwe akamwambia, "Asante, baba, na hapo katikati ya vidole usisahau."

Akafika kwa mgeni wetu, aliyekaa mwisho wa benchi, pembeni ya mama mkwe. Yeye alikuwa amekuja kwa miguu yake kama ilivyo. Ilikuwa na matope mpaka kwenye ugoko, kucha mbili hazipo, na kovu refu kwenye unyayo ambalo lilionekana alipokaza vidole. Padri alinyoosha mkono. Mgeni wetu akavuta miguu yote miwili chini ya benchi.

"Mama," padri akasema taratibu, "tafadhali."

Akazidi kuivuta. Kichwa alikiinamisha mpaka kidevu kikagusa kifua. Akina mama wa kanisa wakaanza ile sauti yao, "Maskiiini," na mmoja akaanza kulia. Padri alikuwa bado amepiga magoti, hajui aendelee mbele au arudi nyuma. Niliona mabega ya mgeni wetu, na nilielewa kwamba hasubiri tena Pasaka ipite. Huyu alikuwa anavuka mto kesho.

Mtoto aliyekuwa mgongoni kwake akashtuka, akalia. Mgeni wetu akampigapiga kwa mkono wa nyuma, akambembeleza kwa sauti ya chini, maneno mawili matatu tu. Hayakuwa ya Kimakonde.

Mama mkwe, yule mwenye masikio yaliyozeeka, aligeuka mzima mzima. Alimtazama yule mwanamke kuanzia kichwani mpaka kwenye matope, na uso wake ukabadilika polepole, kama wa mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta kwenye pindo la kanga yake mwenyewe. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kawaida, "Padri, mwache huyo. Mmakua na maji wapi na wapi? Kwao wanaoga siku ya kuzaliwa na siku ya kufa."

Mama aliyekuwa akilia aliacha, mdomo wazi.

Mgeni wetu akainua kichwa. Tangu alipokuja sikuwahi kumwona akimtazama mtu machoni. Alimtazama mama mkwe, akakitazama kile kitundu cha ndonya, na akasema, "Na wewe Mmakonde, funga mdomo wako huo wenye dirisha. Huoni nje mvua inanyesha?"

"Dirisha hili ni la kuwachungulia wezi," mama mkwe akajibu. "Tangu uje nyumbani kwangu panya wamekwisha. Nilidhani nimepata paka, kumbe nimepata Mmakua."

"Panya wako wamekonda. Niliwahurumia, nikawaacha."

Padri alisimama na taulo lake, mikono juu. "Akina mama, akina mama, leo ni Alhamisi Kuu." Kwao kwenye baridi walikuwa na watani wao, lakini hakujua utani wetu wa huku. Katekista akamvuta mkono, akamwambia, "Usiogope, baba. Hawa ni watani."

"Tangu lini?"

"Tangu babu zao walipochinjana."

Na hivyo ndivyo ilivyo. Wazee wetu walisema utani ni mtoto wa vita. Watu walipigana mpaka wakachoka kuzika, wakakubaliana kuanzia hapo watatukanana tu. Mmakonde na Mmakua wakikutana popote, hata msibani, hata mbele ya hakimu, ni matusi na kunyang'anyana, na mwenye kukasirika ndiye mwenye hatia. Mtani hapewi sadaka. Anaingia kwako, anachukua anachotaka, anatoka anakusema vibaya, na wewe unamshukuru Mungu kwamba unaye. Ukimwambia mtani wako pole sana ndugu yangu kwa sauti nyembamba, ni sawa na kumwambia humjui. Nasi tulikuwa tumemwambia hivyo kila siku tangu alipovuka, kwa upendo wote tuliokuwa nao. Alikuwa Mmakua aliyeolewa na Mmakonde, amejifunza lugha ya mume wake vizuri, nasi tukamfanya ndugu bila kumuuliza.

Mama mkwe alishuka kwenye benchi, akapiga magoti yake yale mabovu kwenye udongo, akalisukuma beseni. "Lete mguu huo nione kama una vidole."

Mtani hakatai. Mgeni wetu akautoa mguu wa kwanza, akaukanyaga ndani ya beseni kwa nguvu hata maji yakamrukia mama mkwe usoni, na mama mkwe akamwita jina ambalo sitaliandika kwa sababu ilikuwa Alhamisi Kuu. Akaosha. Aliosha matope, akaosha kati ya vidole, akapitisha dole gumba juu ya lile kovu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na wakati wote huo anatukana. Mgeni wetu alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, anamjibu tusi kwa tusi. Maji ya beseni la jirani yakawa mekundu kama udongo wa njia ya Kilambo. Padri alipiga magoti upande wa pili, akakausha kwa taulo. Sisi kwaya hatukuimba tena. Wazee walikuwa wameacha kujibanza, wamesimama juu ya mabenchi ili waone.

Nilipolala siku hiyo nilikuwa na furaha ya mtu aliyekula arusi mbili. Asubuhi ya Ijumaa Kuu nikaenda jikoni kumwamsha mgeni wetu, nikakuta jamvi limekunjwa, yeye hayupo na mtoto hayupo. Kanga zote alizopewa zilikuwa pale konani, zimekunjwa, kila moja juu ya nyingine.

Sikumwita mama mkwe. Nilishika njia ya mtoni nikikimbia, pekupeku, matope mpaka magotini, na njia nzima nilikuwa napanga nitakachomwambia. Nilimpangia maneno makali kuliko yote niliyowahi kusema. Nilimwomba Mungu amcheleweshe, kisha nikamgombeza Mungu mwenyewe, kwamba jana umetufurahisha vile kwa nini kama ulikuwa unajua. Kilambo nilimkuta mwenye mtumbwi anakumba maji ya mvua kwa kopo. Nilimuuliza kama amemvusha mwanamke mwenye mtoto.

"Dada," akasema, "hapa watu wanakuja. Nani anakwenda?"

"Na mwenzako je?"

"Mtumbwi wa mwenzangu ule pale, umelala tangu jana."

Nilikaa kwenye ukingo nikalia kidogo, kwa hasira zaidi, kisha nikarudi. Nilikuwa na wazo kwamba amepita njia nyingine, na jua lilishapanda nilipofika nyumbani.

Uwanjani alisimama mama mkwe, mikono kiunoni, anatukana. Mbele yake alisimama mgeni wetu, mtoto mgongoni, kucha zimejaa udongo, na miguuni pake lundo la mihogo. Haikuwa mihogo yoyote tu. Ilikuwa ile mitamu ya pale kichuguuni, ambayo mama mkwe aliitunza kwa ajili ya chakula cha Pasaka. Mimi mwenyewe, mke wa mwanawe, nilikuwa siruhusiwi hata kupapalilia. Aling'oa shina zima zima kwa mikono, mvua ilikuwa imelainisha udongo, na hakung'oa pembeni, aling'oa katikati.

"Mwizi," mama mkwe alikuwa akisema. "Umekaa kwangu miezi yote hiyo unajifanya mtakatifu, kumbe unapima shamba."

"Wewe ndiye umelima vibaya," mgeni wetu akajibu. "Mimi nimekusaidia kuvuna." Akanigeukia mimi niliyesimama pale na matope yangu. "Na huyu ametoka wapi? Mnafuga viboko siku hizi?"

Yale maneno yangu makali yote yalipotea. Nilicheka mpaka nikashika mti.

Akachuchumaa. Alichukua muhogo mmoja, akauvunja, akaumenya ganda kwa meno, mweupe, unatoa maji, akakata kipande kwa mkono, akampa mama mkwe. "Kula, Mmakonde."

Kila Ijumaa Kuu mama mkwe hakutia kitu mdomoni mpaka ibada ya saa tisa iishe, hata maji. Alikuwa hivyo tangu alipobatizwa, na akiwa mgonjwa pia alifunga. Mgeni wetu alilijua hilo. Katika furaha yake alikuwa amesahau, na sasa nikaona analikumbuka. Mkono ulianza kurudi nyuma, na mabega yale ya jana yakaanza kushuka.

Mama mkwe akaudaka mkono kabla haujarudi. Akakichukua kile kipande, akakiuma, akatafuna polepole. "Kina nyuzi," akasema. Akaketi chini kwenye udongo, akavuta kanga ya mgeni wetu mpaka naye akaketi, akampa nusu iliyobaki, na wakala muhogo mmoja, uso kwa uso, hakuna aliyegeukia ukutani.

Mimi nina mdomo, nikauliza. "Mama, na mfungo?"

Hakunitazama. Alikuwa anamenya mwingine.

"Aliyefunga ni huyu," akasema. "Amefunga tangu avuke mto, na leo ndiyo anafungua. Hawa jirani zetu Waislamu wametufundisha miaka yote, mtu haachwi afuturu peke yake. Kaa chini, ule."

Nikanawa mikono, nikakaa.